LX, VX au Prado inarusha: ubadili tairi, shokapu, au mfumo mzima?

Wenye magari makubwa hapa Arusha na Moshi wana lalamiko moja wasilopenda kulisema mbele za watu. Mtu ametoa mamilioni yake kwa Lexus LX 570 au Land Cruiser VX, halafu siku akipewa lifti kwenye Harrier ya shemeji yake kutoka Njiro hadi Usa River anagundua kwamba Harrier ndiyo inayoteleza barabarani, si lile lake la V8. Lake linagonga kila rasta, na likiingia njia za ndani kule Kibosho abiria wanatikiswa vichwa kulia na kushoto mpaka wafike.

Sababu iko chini ya bodi. Harrier haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yake ndiyo inayobeba kila kitu. LX, VX na Prado zimejengwa kwa mtindo wa lori: chesisi ya ngazi chini, bodi imekalishwa juu yake kwa mipira, na nyuma kuna ekseli moja nzima inayounganisha tairi mbili. Tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linavutwa. Ekseli, difu, rimu na matairi yenyewe ni mzigo mkubwa unaoruka juu na chini bila kubebwa na springi, na kila ukiruka bodi inasukumwa. Juu ya hapo springi zimepangwa kwa gari litakalobeba watu saba na kuvuta trela, wakati wewe asubuhi unampeleka mtoto mmoja shule.

Hilo huwezi kulibadili. Unachoweza kubadili ni tairi na rimu, shokapu na bushi, springi, na kwa wenye LX, mfumo wa mafuta na gesi unaobeba gari. Duka la spea litakuuzia vyote kwa furaha. Mimi nitavilinganisha kwa mpangilio ambao ningetumia pesa yangu, na nasema mapema: watu wengi mjini hapa wanaanzia mwisho.

Linagonga au linanesa?

Swali hili linaokoa pesa kuliko punguzo lolote la bei. Kugonga ni ule mshtuko mfupi na mkali: rasta, kingo za mashimo, kiungo cha daraja. Kunesa ni pale gari linapopita tuta, likaenda juu, likashuka, likaenda juu tena, na kwenye kona linalala upande kabla ya kusimama sawa.

Gari linalogonga mara nyingi lina tairi ngumu, upepo mwingi, springi nzito kuliko mzigo, au, kama ni LX, gesi iliyokwisha. Gari linalonesa lina shokapu zilizochoka. Ukimwekea shokapu ngumu mwenye gari linalogonga, umemwongezea ugonjwa. Lakini ndiyo tiba inayotolewa kila siku: mteja anasema, "Fundi, gari inanirusha," fundi anajibu, "Bosi, tuweke shokapu za safari, utasahau." Neno "kurusha" limefunika matatizo mawili tofauti, na fundi hajauliza ni lipi.

Tairi na rimu: hapa ndipo faida kubwa ilipo

Ukuta wa tairi ni springi ya kwanza ya gari. Namba zake zimeandikwa ubavuni. Tairi la 285/60R18 lina upana wa milimita 285, na ukuta wake ni asilimia 60 ya upana huo. Angalia saizi zinazokuja na magari haya (100 na 200 ni matoleo ya Land Cruiser):

| Saizi | Hukutwa kwenye | Urefu wa ukuta |
|---|---|---|
| 275/70R16 | VX ya 100 | mm 192 |
| 285/60R18 | V8 ya 200 | mm 171 |
| 285/50R20 | LX 570 | mm 142 |
| 275/50R21 | LX 570 za miaka ya mwisho | mm 137 |

Kati ya rimu ya 18 na ya 20 umepoteza karibu sentimita tatu za mpira na hewa, na badala yake umepewa chuma. Kwenye lami nzuri ya Dubai hasara hiyo haionekani. Kwenye mashimo ya Unga Limited inaonekana, na wakati mwingine inaonekana kwenye rimu yenyewe, imepinda.

Habari njema ni kwamba LX 570 na V8 ya 200 zina nati tano kwa nafasi ileile, 5x150, na rimu za 18 za V8 zinaingia kwenye LX bila kugusa breki. Kimo cha tairi zima hakibadiliki sana: 285/60R18 ina kipenyo cha milimita 799, 285/50R20 ina 793. Spidomita yako haitasema uongo wa maana. Rimu za mtumba za V8 zinapatikana, na za 20 utazipatia mnunuzi, kwa sababu kuna watu wanaopenda mng'aro. Kwa hesabu ya raha kwa kila shilingi, sijaona badiliko linalolishinda hili kwa mwenye LX 570.

Halafu kuna aina ya tairi. Tairi lililoandikwa LT mwanzoni mwa saizi limejengwa kwa pikapu na mizigo: kuta nene, uzito zaidi, na linahitaji upepo mwingi ili libebe. Lile lisilo na LT ni laini na jepesi. Kwa anayeishi mjini na kwenda Moshi, Himo au Dar, tairi la barabarani (HT) lisilo la LT ndilo jibu. Kwa anayeingia Monduli Juu, Longido au Engaruka kila wiki, miiba ya migunga na mawe makali yanabadilisha hesabu; huyo avumilie ugumu wa LT, maana raha ya kiti haina thamani ukiwa umesimama porini na tairi lililochanika ubavuni. Katikati yao kuna tairi za AT, yaani za lami na vumbi, zisizo za LT, na kwa familia nyingi za huku ndizo ningezipendekeza.

Upepo ni bure na ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Kwenye kibandiko cha mlango wa dereva V8 ya 200 inataka psi 33 hivi. Kwenye vituo vya mafuta utajaziwa 40, kwa kuwa kijana wa upepo anaona gari kubwa na anadhani kubwa linahitaji vingi. Nunua geji yako, pima asubuhi kabla gari halijatembea, punguza hadi kiwango cha kibandiko. Kama tairi ni LT, utahitaji kidogo zaidi ya hapo. Ukiingia rafu rodi ndefu unaweza kushuka hadi 26 au 28 na kwenda mwendo wa pole, mradi ujaze tena kabla ya kukanyaga lami. Kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inakaa kwenye buti bila kusumbua mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfuko kwa kingine chochote: geji, kibandiko cha mlango, kisha macho kwenye namba za tairi. Baadhi ya magari yanapona hapo hapo.

Shokapu: ya kiwandani, Bilstein, au Old Man Emu?

Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kucheza. Ndani kuna pistoni inayosukuma mafuta kupitia matundu madogo, na mwendo unageuka kuwa joto. Ikichoka, gari linanesa, na kwenye rafu rodi tairi linadunda badala ya kushika ardhi.

KYB, ambao mafundi wengi wanawaita Kayaba, hutengeneza shokapu za mirija miwili, laini kwenye vishimo vidogo. Kwa gari la mjini na safari ya lami, hizi au zile za Toyota zenyewe zinatosha, na zinarudisha gari kwenye tabia liliyotoka nayo kiwandani. Mtu akikuambia ni dhaifu, muulize anaendesha wapi.

Bilstein B6 ni ya mrija mmoja. Gesi na mafuta vimetenganishwa na pistoni inayoelea, kwa hiyo mafuta hayafanyi povu hata yakipata moto. Faida yake utaiona kwenye barabara ya vumbi yenye mgongo wa bati, kama ile ya Mto wa Mbu kuelekea Natron, ambako shokapu ya mirija miwili hupata moto na kulegea ukiwa bado mbali. Hasara yake utaiona Sakina: kwenye vidude vidogo vidogo inakuletea habari zaidi kuliko ulivyotaka. Gari linakuwa limetulia, halilali kwenye kona, lakini siwezi kuliita laini.

Old Man Emu, kutoka kwa ARB wa Australia, ni jina linalojulikana sana kwenye magari ya utalii hapa Arusha. Nitrocharger zao ni za mirija miwili yenye uwezo mkubwa, na zikipangwa na springi sahihi zinakaa vizuri kati ya KYB na Bilstein. Shida ni hilo neno "springi sahihi", ambalo nalifikia sasa hivi.

Neno juu ya bushi, kwa kuwa hubadilishwa wakati mmoja. Bushi za mpira za kiwandani zinameza mtetemo. Za polyurethane, plastiki ngumu kuliko mpira, zinadumu na zinafanya usukani uwe makini, lakini zinapitisha mtetemo na zisipopakwa grisi yake zinalia. Za kuchonga mtaani zinasaidia kufika nyumbani. Kwa anayetafuta ulaini, mpira wa kiwandani, basi. Na usisahau mipira inayokalisha bodi juu ya chesisi: kwenye VX ya 100 iliyozeeka inakuwa imebanwa na kukauka, na hakuna anayeiangalia.

Springi: ogopa neno "safari"

Springi za Old Man Emu na wenzao huuzwa kwa uzito utakaobebwa: gari tupu, gari lenye bampa la chuma na mzigo wa wastani, gari lililojaa muda wote. Gari la utalii linaondoka Arusha na wageni, friji, maji, matairi mawili ya akiba na dari la kufunguka, na linarudi hivyo hivyo baada ya siku kadhaa. Springi nzito ni haki yake. VX ya familia inayobeba watu wawili na mfuko wa soko la Kilombero haina mzigo wa kuilaza springi hiyo, kwa hiyo springi haifanyi kazi na mwili wa dereva ndio unaifanya.

Kama gari lako halina nyongeza za chuma, springi za kiwandani au zile za daraja jepesi ndizo zako. Kama umefunga bampa la chuma, winchi na keria ya chuma juu, una njia mbili: springi za daraja la kati, au kuvua vyuma. Watu hawapendi kusikia ya pili. Lakini keria tupu inayozunguka na gari mwaka mzima kwa ajili ya safari moja ya Desemba kwenda kwa wazazi Rombo ni uzito uliowekwa mahali pabaya kabisa, juu, na ndio unaozidisha ule mtikisiko wa vichwa.

Kuinua gari kwa inchi mbili kunapendwa sana na vijana. Kwenye VX ya 100 mbele hakuna springi ya koili, kuna tosheni baa, fimbo ya chuma inayojisokota kufanya kazi ya springi, na fundi anaweza kuinua gari kwa kukaza boliti tu. Ni rahisi, na ndiyo sababu inaharibu. Mkono wa mbele unakuwa umekaribia mwisho wake wa kushuka, na kila gari likivuka tuta unasikia "tok" wakati tairi linaning'inia. Kimo cha kiwandani kinatosha kwa barabara zote za mkoa huu ambazo mtu mwenye LX anapaswa kuzipita.

LX na Cygnus: kutengeneza AHC au kuing'oa?

Hapa ndipo wengi wanapoumizwa, nami nitakaa kidogo.

AHC ni mfumo wa kupandisha na kushusha gari uliomo kwenye LX 470 (modeli za 1998 hadi 2007), LX 570 (modeli za 2008 hadi 2021), Land Cruiser Cygnus, ambayo ni ndugu wa LX 470 aliyeuzwa Japani, na baadhi ya VX Limited za 100 zilizotoka huko. Pampu inasukuma mafuta kwenda kwenye shokapu zote nne. Kwa kila gurudumu kuna tufe la chuma lililogawanywa na utando: upande mmoja mafuta, upande mwingine gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo ndiyo ulaini wenyewe. Chuma, yaani tosheni baa au koili, kinabeba sehemu ya uzito. Mafuta na gesi vinabeba inayobaki.

Gesi hupenya kwenye utando polepole, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, mafuta yanachukua nafasi yake, na mafuta hayabanwi. Gari linaendelea kupanda na kushuka kama kawaida ukibonyeza swichi, taa ya hitilafu haiwaki, lakini linagonga vibaya. Fundi asiyejua anasema "AHC imekufa" na kukuonyesha springi za VX.

Kwenye LX 470 na Cygnus kipimo kipo na hakihitaji kompyuta. Simamisha gari mahali tambarare, injini ikiwaka. Pandisha hadi HI, soma mafuta kwenye chupa yake yenye mistari pale kwenye boneti. Shusha hadi LO, soma tena. Matufe mapya hutoa tofauti ya mistari 14 hivi. Ikifika 7 au chini ya hapo, gesi imekwisha.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo. Tosheni baa za mbele na koili za nyuma zikilegea kwa uzee, mfumo wa mafuta unabeba uzito usio wake, presha inapanda, na gari linakuwa gumu hata kama matufe ni mazima. Fundi mwenye Techstream, programu ya Toyota ya kupimia magari, anaweza kusoma presha hiyo. Mbele kwenye LX 470 inatakiwa iwe MPa 6.9 hivi. Tiba yake ni kukaza tosheni baa ili chuma kibebe sehemu yake, na nyuma kuweka koili mpya. Ndiyo, ni boliti zile zile nilizokukataza kwenye VX. Pale lengo lilikuwa kuinua gari. Hapa kimo kinabaki kilekile kwa kuwa AHC ndiyo inayokipanga, na kinachobadilika ni nani anabeba nini.

Sasa linganisha. Kutengeneza maana yake ni matufe manne, mafuta yake maalumu ya Toyota yaliyoandikwa Suspension Fluid AHC (usikubali ya steringi wala ya breki), na pengine koili za nyuma. Bei inauma, na matufe mara nyingi huagizwa. Ukimaliza, una gari linalopita rasta kwa namna ambayo hakuna springi ya dukani itakayoiga, na swichi ya Comfort na Sport inakuwa na maana tena.

Kuing'oa maana yake ni shokapu za kawaida, koili za VX nyuma, na tosheni baa za VX mbele. Hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa. Tosheni baa za LX 470 ni laini kuliko za VX kwa sababu zilipangiwa kusaidiwa na mafuta. Ukiziacha, mbele litakaa chini na kugonga vizuizi. Ukifanya kazi kamili, unapata VX nzuri ya kawaida, rahisi kutengeneza hata Babati. Ila ni VX. Ulilipia LX.

Uamuzi wangu unategemea mabomba. Pampu ikiwa nzima na mabomba ya mafuta chini ya chesisi yakiwa hayana kutu, tengeneza. Gari likiwa limetoka sehemu za Japani wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, mabomba hayo yanaweza kuwa yameliwa, na kubadili bomba moja kunaamsha la pili. Hapo ng'oa, na ung'oe kikamilifu. Unaponunua, lala chini ya gari na tochi kabla ya kuangalia viti vya ngozi. Kisha fanya kile kipimo cha HI na LO mbele ya muuzaji, na tofauti utakayoisoma iingie kwenye bei.

Prado TZ-G na GX 460: upepo wa nyuma

GX 460 ni ndugu wa Prado upande wa Lexus, na hizi ni rahisi zaidi. Mbele ni koili, nyuma kuna mifuko ya mpira yenye upepo inayojazwa na kompresa. Vumbi na jua huupasua mpira, upepo unavuja usiku, asubuhi unakuta gari limekaa nyuma. Kompresa inajaza bila kupumzika mpaka inaungua, ndipo bili inakuwa kubwa. Mfuko mpya wenye ubora, kama wa Arnott, ukiwekwa mapema unabakiza ulaini na kimo kilekile gari likiwa tupu au limejaa.

Kubadili kwenda koili hapa hakuna maumivu ya AHC. Koili za Prado ya kawaida zinakaa pale pale, na tofauti ya raha ni ndogo. Utakachopoteza zaidi ni ile hali ya nyuma kutoshuka ukipakia ndizi na wajomba watatu kutoka Marangu. Mwenye Prado anayeishi kwenye vumbi la Kisongo au Mirerani namshauri koili bila kusita. Anayekaa lamini abaki na mifuko, aikague kila anapobadilisha oili, na akisikia kompresa inawaka kila mara baada ya kuzima injini asingoje wiki ipite.